Kisanduku Kilichosomwa Mapema

Kwako Mama mpendwa,

Chamgei. Nakusalimu kutoka huku Ujerumani nikiwa mzima, ila kidole kimoja kimepasuka kwa baridi. Magoti yako yanaendeleaje? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa au bado anatuzungusha? Nasikia mvua imeshika Bomet na chai imechipuka kuliko mikono ya kuichuma. Huwa nafumba macho tu, naunusa ule ukungu wa asubuhi, nafika huko bila nauli.

Wajua bado napakia maboksi ghalani. Lakini msimamizi wa ofisi, aliposikia nasomea kutengeneza kurasa za kompyuta, alinipa jaribio. Mtu aandike jina kwenye kisanduku, abonyeze kitufe, ukurasa umsalimie kwa jina. Nikifaulu nitahamia kazi ya kompyuta, ambayo mtu anaweza kuifanyia hata kwao. Hata kwao, Mama! Nikaanza kuota papo hapo, eti nafanya kazi sebuleni kwako, mwanangu Kibet akinivuta nguo.

Kumbe kitu kidogo kinaweza kumtoa mtu jasho. Niliandika "Kibet", nikabonyeza. Ukurasa ukasema "Habari", ukanyamaza. Nikabonyeza tena. Habari, basi. Nikaikagua JavaScript, hiyo lugha ya kuamrisha kurasa, mstari kwa mstari, nisione kosa. Iliniuma zaidi kwa sababu wiki hiyo hiyo nilipiga simu nikamsikia Kibet akikuita, "Mama, kuja! Ni ule auntie wa simu." Ulicheka ukamrekebisha. Nami nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni.

Juzi alasiri theluji ilikuwa ikianguka polepole, nami nimelikodolea macho dirisha. Nilikuwa nimeshafika mbali, niko katikati ya chai, kikapu mgongoni, wewe uko mbele yangu unaimba. Nyaboke, msichana wa Kisii ninayeishi naye, akanishtua.

"Wee Chebet, mbona vidole zinacheza hivyo? Unachuma chai ya nani huku?"

"Ya Mama. Na nimechelewa, karani ashafika na mizani."

"Si umpatie tu hiyo kikapu apime ikiwa tupu, aende zake!"

Tulicheka sana. Kisha nikaacha kucheka, maana hicho ndicho nilichokuwa nimefanya. Mstari wa kusoma kisanduku niliuweka juu, nje ya maagizo ya kitufe. Kwa hiyo ukurasa ulikisoma mara tu ulipofunguka, kabla mtu hajaandika chochote, ukashikilia utupu huo hata nibonyeze mpaka kesho. Ni kama kupima kikapu kabla hujaingia shambani, halafu jioni karani akusomee uzito ule wa asubuhi. Nikauhamisha mstari ndani ya maagizo ya kitufe, ili kisanduku kisomwe pale mtu anapobonyeza. "Habari Kibet." Nilikitazama kioo cha kompyuta mpaka chai yangu ikapoa.

Msimamizi naye alijaribu jina lake, ukurasa ukamsalimia. Amenikubali, Mama. Nitaanzia hapa, na kabla ya Krismasi nakuja nyumbani, na kazi nakuja nayo.

Nisalimie Baba, dada yangu Chepkoech na watoto wake, na mwalimu wa kwaya pale kanisani. Kibet usimwambie kitu bado. Siku hiyo nikiingia langoni, akikukimbilia kukuambia kuna auntie amekuja, usimrekebishe. Niachie mimi.

Ni mimi mtoto wako,
Chebet