Vijiko Viwili vya Unga

Mpendwa binti yangu Nyambura,

Mama yako amenikataza kukupigia simu. "Mwandikie," amesema, "akasirike kwanza bila kukusikia ukijitetea." Kwa hivyo nimeketi hapa nyumbani Njoro, wewe uko huko Longonot na wanafunzi wako, na sijui nianzie wapi.

Nianze na chapati. Ulikuwa na miaka tisa au kumi, mwembamba kuliko wenzako wote. Kila ukila chapati ulishika tumbo, nami nilikuwa nakuambia, "Maliza. Ngano ndiyo imekulea." Ulimaliza, machozi yakikulengalenga. Baba yangu alikuwa mtu wa ngano, na mimi ni mtu wa ngano. Haikuwahi kuniingia akilini kwamba kitu tunachopanda kinaweza kukuumiza. Nilidhani unadeka tu.

Ukiwa kidato cha pili ulizimia shuleni. Tukakupeleka Nakuru, ukapimwa damu, ukaingizwa ile kamera tumboni, na daktari akatuambia ni ugonjwa wa siliaki. Akatueleza polepole kwamba ndani ya ngano na shayiri kuna gluteni, na ikiingia mwilini mwako, mwili unageuka na kuushambulia utumbo wako mwenyewe. "Hata chembe," alisema. "Hata mwiko uliokoroga chakula cha wengine." Dawa ilikuwa moja, kutoigusa ngano maisha yako yote.

Mama yako aliamini siku hiyo hiyo. Alikutengea sufuria zako, kikaangio chako, kibao chako cha kukatia mboga, akafunga utepe mwekundu kwenye mwiko wako. Chapati zikahamia jiko la nje. Na wakati wa mavuno, nikirudi kutoka shambani nikiwa vumbi tupu, alinisimamisha mlangoni nivue koti na kunawa kabla sijaingia. Wewe ulikuwa unacheka: "Baba, pole, leo wewe ni sumu." Nilicheka pia. Lakini moyoni iliniuma, Nyambura. Nilijiona mgeni kwangu, kama kwamba kazi yangu yote imekuwa uchafu. Nikaanza kujiambia kwamba nyinyi wawili mmezidisha. Chembe inaweza kumfanya nini mtu mzima?

Sasa ile Jumapili. Ulikuwa umemaliza shule, na kesho yake ulikuwa uende kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, ile nafasi uliyoingoja mwaka mzima. Mama yako alikuwa amebaki kanisani kwenye mkutano wa akina mama, akaniachia nipashe ule mchuzi wa mbuzi aliokupikia kwa sufuria yako.

Nilitia unga wa ngano. Vijiko viwili. Nilikoroga mpaka ukayeyuka.

Sikukosea mkebe. Nilitaka kuona kama ni kweli. Nilitaka ule, ukae sawa, halafu jioni nikuambie mbele ya mama yako, "Unaona? Ulikula ngano na hukufa." Nilikuwa nimeshayapanga hata hayo maneno.

Ulionja ukaniuliza, "Baba, hii mchuzi mbona nzito hivi?"

"Ni viazi zimepondeka," nikajibu.

Uliniamini. Ukaongeza.

Kabla jua halijazama ulikuwa sakafuni chooni, unatapika na kutetemeka, na mama yako amekushikilia kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema wakati huo. Asubuhi hukuweza hata kusimama wima, na usaili ukapita, na ile nafasi ikaenda kwa mwingine. Bado ningeweza kusema. Badala yake nilimwangalia mama yako akitoa kila chombo jikoni, akikinusa, akikuuliza, "Nilikosea wapi? Ni kibao? Ni mikono yangu?" Alichoma kile kibao. Wewe ukamwambia, "Si makosa yako, Mama." Lakini tangu siku hiyo hukula tena chakula cha mikono yake, na yeye aliona.

Miaka saba imepita. Krismasi iliyopita ulikuja na sufuria yako ndogo na viazi vyako, ukajipikia kando. Mama yako alinawa mara tatu, kisha akakuonyesha viganja, kama mtoto anayekaguliwa shuleni. "Angalia, ni safi." Ukamshukuru kwa upole, ukafunika chakula chako. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Wiki iliyopita nilimwambia. Tulikuwa tunang'oa magugu karibu na ua. Hakupiga kelele. Aliweka jembe chini, akasema, "Miaka saba nimekuwa nikinusa mikono yangu." Halafu akaingia ndani. Siku ya tatu ndiyo akaniambia nikuandikie.

Siwezi kukurudishia kile chuo. Najua unapenda kufundisha, umeniambia, lakini pia najua kazi hiyo hukuichagua wewe. Na sitakuomba unisamehe kwa barua, hiyo ingekuwa kukuongezea kazi. Nataka tu ujue kwamba mwili wako haukukudanganya, na mama yako hakukosea hata siku moja. Kila alichokupikia kilikuwa safi. Mtu wa kuogopwa katika nyumba hii nilikuwa mimi.

Shamba la upande wa mto sasa nimepanda viazi na maharagwe. Lile lingine bado ni ngano, sitakudanganya.

Mama yako yuko nje anaanika nguo. Nitampa asome haya kabla sijaifunga bahasha. Ukitaka kujibu, usinijibu mimi. Mwandikie yeye kwanza.

Aliyekukosea akijua,
Baba yako