Sinia Yako ya Shaba

Rumonge, mwezi wa Shaabani

Kwa mchumba wangu Asmani, huko Ujiji,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na mama yako. Huku mawese yameshuka mengi kutoka mashamba ya Kizuka, na samaki wadogo wa ndagala tunaanika mpaka tunachoka.

Ile sinia ya shaba uliyoleta uliponiposa, nimeipamba kwa vizibo. Usicheke. Kambini tunakochomwa sindano za malale, chupa ya dawa ikiisha naomba kizibo chake cha gome la mti. Nakilainisha kwa maji ya moto, nakikata vipande vyembamba, nakibandika kwa ulimbo ukingoni. Kisu kimenikata vidole mara nyingi. Lakini sasa vikombe havitelezi, na kidole changu kinajua sinia inapoishia.

Mama alitaka nikufiche. Nimekataa. Malale nimepona, ila dawa ile imeyachukua macho yangu. Tangu Mfungo Sita sioni hata moto wa jikoni. Mwandiko huu ni wa Mwalimu Shafii. Maneno ni yangu.

Kwetu posa huvunjwa kwa kurudisha sinia, nawe wajua. Mimi sirudishi. Ukitaka kuvunja, njoo uichukue mwenyewe mikononi mwangu, usitume mtu. Nitakuletea kahawa juu yake kwanza, na sitamwaga hata tone.

Katikati sikubandika kitu. Wananiambia shaba yako bado inang'aa.

Wako, ukinitaka,
Mwanvua binti Swedi