Koti la Kimulimuli

Kaka yangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Mama ananenepa, na paa la jikoni halivuji tena.

Unamkumbuka Kimulimuli, yule binti shujaa wa anime, zile katuni za Kijapani, mwenye mkono mmoja? Ulikuwa ukinicheka nikibandika picha zake ukutani, ukisema nikikua nitamwacha. Basi nimekua, na sijamwacha! Jumamosi nilivaa koti lake kwenye mashindano ya mavazi ya wahusika wa katuni, nikawa wa kwanza. Nimelishona mwenyewe, vifungo vyote kumi na vinane. Sindano naichomeka kwenye kipande cha sabuni, natia uzi, kisha fundo nalikaza kwa meno, kama yeye anavyofunga mkanda wake. Mama, aliyekuwa akiziita katuni upuuzi, siku hizi kila nikimtazama Kimulimuli ananiuliza, "Binti yetu leo ameshinda?"

Majaji waliuliza mkono wangu wa kulia nimeuficha wapi ndani ya koti. Nikawaambia niliuacha kiwandani mwezi wa tatu, kwenye mashine ya kukata vitambaa. Mama alinikataza kukuambia, akihofia utaacha masomo.

Usinionee huruma. Barua hii ndiyo ya kwanza kuiandika kwa mkono wa kushoto. Niambie tu kama mwandiko unasomeka.

Dada yako,
fundi yuleyule