Siku Tisa za Milimita Nne

2 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo lina kiburi kama mwenyewe. Nimekutumia madaftari yangu yote ya mvua, miaka thelathini na moja, kwenye faili moja ya PDF. Fundi wa studio kapiga picha kila ukurasa. Nikamwambia, "Taratibu, baba, hayo ni maji ya taifa zima!" Waambie wakubwa wako wa ofisi ya takwimu: "Mama yangu kaishia shule ya msingi, lakini hajakosa hata siku moja kusoma kipimo cha mvua uani." Jana niliota mvua zangu zinapita polepole juu ya mapaa ya watu nisiowajua.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi sijambo, macho tu yamechoka. PDF yako inapendeza, ila ni picha. Kompyuta inaitazama tu, haiwezi kuijumlisha. Kwa hiyo nimeziandika siku zote upya kwenye CSV, faili ya maandishi matupu: tarehe, mkato, milimita, mstari mwingine. Haina rangi wala mapambo, lakini hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na yeyote ataichukua bure. Tunaiweka wazi tarehe ishirini. Wachoraji wa mitaro watapima njia za maji kwa namba zako.

Mama, daftari la tano lina siku tisa mfululizo, zote milimita nne. Mvua gani hiyo yenye nidhamu?

Binti yako

18 Machi

Mama, bado nangoja jibu la zile siku tisa. Zimebaki siku mbili. Mtaro ukichorwa mwembamba kwa namba isiyo ya kweli, maji yataingia vyumbani mwa watu.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Goti halijambo. Ulikuwa na miaka mitatu, umelazwa, homa imekukaba hata hunitambui. Siku tisa nilikaa kwenye kiti cha wodi, nasikia mvua juu ya bati kama iko ndani ya kichwa changu. Niliporudi kipimo kimefurika. Nikaona haya, nikaandika nne, nne, nne. Halafu nikajisifu hadi kwa wakwe zako!

Zifute. Lakini usiweke sifuri. Sifuri ni kusema nilichungulia nikakuta pakavu. Weka tarehe, weka mkato, kisha pasiwe na kitu. Wakiuliza msoma kipimo alikuwa wapi, waambie alikuwa na mwanawe.

Mama yako