Mtandio wa Manjano Woolwich

Na ule mtandio wa manjano ulionikataza kuuchukua, ukisema utawatia Waingereza kiwi cha macho, mamangu, ndio ulionipa kiti cha mbele! Shikamoo. Juzi mvua ilitushika Woolwich, hapa London, mimi na Nassor wangu tukakimbilia ukumbi mmoja wa mikutano. Mama mmoja wa mlangoni alipouona mtandio alinikumbatia kama mwanawe. Kumbe wote mle walivaa utepe wa manjano, kuwakumbuka wenzao waliofungwa kwa kudai Katalonia ijitenge na Hispania.

Aliyehutubia ni bibi wa rika lako. Alianza na ualimu wa shule, akawa meya wa mji wake, halafu waziri. Sasa anaishi ugenini, kwani akirudi kwao atakamatwa. Alipokuja kunishukuru kwa kuvaa manjano nikamwambia kweli, "Bibi, mimi ni bi harusi tu kutoka Unguja. Tumekimbia mvua." Akacheka hadi akashika mbavu.

"Mama yako yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Wangu pia. Kila Jumapili ananitengea sahani, na siwezi kwenda. Wewe unakwenda lini?"

Nikamtazama Nassor, maana tulishaamua kungoja hadi mwakani. Naye, nuru ya macho yangu, akanishika mkono, akasema, "Kabla ya mwezi kwisha, mke wangu." Mama, nimepata mume!

Basi tutengee sahani mbili. Mwezi huu hauishi hujatuona.

Mwanao akupendaye,
Zuhura