Mbuzi Aliyebweka

Jumamosi, 10 Septemba 1994

Nimerudi nyumbani bila Soksi.

Niandike vile ilivyokuwa, nisije nikajidanganya kesho. Baba mkwe, Mzee Kyule, amemaliza kuezeka nyumba yake Komarock. Tukaitwa kula. Jirani yetu Bedan akatupeleka kwa pikapu yake, mimi na mke wangu Muthoki — na mbwa. Kwa nini mbwa? Majivuno tu. Tangu Juni nilipomchukua Soksi kwenye kile kituo cha wanyama waliotupwa, nimekuwa nikitembea naye hapa Shauri Moyo kama mtu aliyenunua gari. Mbwa wa kahawia, mguu mmoja wa mbele mweupe, ndiyo sababu ya jina. Nikimwambia kaa, anakaa. Binti yangu Kaluki nimemlea miaka yote hiyo, hajawahi kunitii namna hiyo.

Basi nyama ikaliwa, wazee wakaanza utani. Mzee Kyule akaniuliza mbele ya ndugu zake wote: yule mbuzi wa mwisho wa mahari yuko wapi? Mbuzi niliyemwahidi nikiwa bado na nywele. Wakacheka. Nami nikacheka, huku natafuta pa kuuficha uso. Soksi, maskini, akamwendea mzee, akakaa mbele yake. Adabu zote nilizomfunza. Mzee akamtazama. Akasema, mimi hapa nina mbao uani na wezi wanazimezea mate. Nipe huyu tumhesabu ni mbuzi.

Kicheko tena. Na mimi, kwa kutaka kicheko kiwe upande wangu walau mara moja, nikasema: mchukue, Baba, mbuzi wako ndiye huyo.

Wazee wakapiga makofi. Mmoja akamwaga soda kidogo chini kufunga makubaliano — ni watu wa kanisa, bia hawagusi. Mambo yakawa yamekwisha.

Muthoki hakupiga makofi.

Jumapili, 11 Septemba

Nimeamka nikamwita Soksi, kisha nikakumbuka.

Bakuli lake bado liko mlangoni. Muthoki analiruka, haliondoi. Nami naliruka. Watu wazima wawili, tunaruka bakuli.

Nimemwuliza kama amenikasirikia. Amesema hapana, Baba Kaluki, najiuliza tu. Kama mbwa ni mbuzi, mimi ni nini?

Alhamisi, 15 Septemba

Leo nilikuwa bandani na wachongaji wenzangu nikimpiga msasa twiga. (Nimechonga twiga wengi kuliko walio mbugani. Sijawahi kumwona hata mmoja.) Akaingia Bi. Wacuka wa kile kituo, yeye mwenyewe aliyenipa Soksi. Mwezi wa Juni alinifanya niahidi mambo matatu: simfungi mbwa kwa mnyororo, simpi mtu mwingine bila kuwaambia wao, na yeye akitaka kumwona nisimfungie mlango. Niliinua mkono kabisa, kama niko kortini.

Anazunguka mitaa akiwafundisha watu kutowatesa wanyama, na alitaka nimchongee mbwa wadogo wa mti wa kuwapa watu wanaotunza vizuri. Nikasema ndiyo. Kisha akasema, Jumamosi nitapita kwako nimsalimie Soksi.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mdomo wangu ukasema, karibu sana, atafurahi.

Atafurahi! Mbwa yuko Komarock.

Jumamosi, 17 Septemba

Bedan ana mbwa wa kahawia, anaitwa Bosi. Nilimweleza shida yangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia Bosi hana mguu mweupe. Akasema, "Ndeti, wewe unakaa karibu na mitumba ya Gikomba na hujui kugeuza kitu cha jana kikawa kipya?"

Tukakoroga unga wa ugali na maji, tukampaka Bosi mguu. Tukampepea kwa gazeti mpaka ukakauka. Nikamkalisha nyuma ya kiti, maana Soksi ni jike, na Bosi ni Bosi.

Bi. Wacuka akaja, Muthoki akamimina chai. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka Bosi alipogundua kuwa amepakwa chakula. Akaanza kujilamba. Nikamwambia kaa. Akanitazama kama mimi ndiye mbwa. Bi. Wacuka akacheka, akasema, "Mzee Ndeti, umemdekeza huyu, amesahau adabu zake zote." Nikasema ndiyo, nimemdekeza. Mguu ukazidi kuwa wa kahawia. Nikavua kofia nikaidondosha juu yake kama kwa bahati mbaya.

Alikaa kidogo tu, alikuwa na safari nyingine. Akampapasa Bosi kichwani. Wakati wa kuaga, kikombe chetu bado mkononi, akasema laiti wote wangekuwa kama ninyi.

Alipoondoka, Bedan akaingia kutoka dirishani alikokuwa amejibanza, tukacheka mpaka machozi. Nilicheka, sikatai. Muthoki alikuwa akikusanya vikombe. Akasema, "Amekaribishwa, amepewa chai, amedanganywa. Kwetu nilifunzwa kumpa mgeni vile viwili vya kwanza."

Bedan akamchukua mbwa wake akaenda.

Jumatano, 21 Septemba

Nimekwenda Komarock. Nilijifanya napeleka kigoda nilichomchongea mama mkwe.

Soksi amefungwa nyuma ya nyumba, kwenye nguzo, kwa mnyororo wa kufungia lango. Kufuli kubwa. Shingoni waya, na chini ya waya nyama imeanza kuonekana. Aliponiona hakubweka. Alikaa. Sikumwambia kaa — alikaa mwenyewe, akangoja nimsifu.

Niseme haki: Mzee Kyule si mtu mkatili. Anampa ugali na mifupa, chakula kingi kuliko nilichokuwa nampa mimi. Anaamini tu kwamba mbwa wa ulinzi akifunguliwa huzoea watu, na akizoea watu hana kazi. Ndivyo alivyokuta kwa baba yake. Nikaanza: Baba, labda huo waya... Akaniangalia huku anatabasamu. "Mkwe wangu, unataka kurudishiwa mbuzi?"

Kwa Mkamba hilo si neno dogo. Mnyama wa mahari akirudi kwa mkwe, maana yake mke amerudi kwao. Ndoa imevunjwa. Nani atakwenda kusema kanisani kwamba ndoa ya Ndeti imevunjwa na mbwa?

Nikanywa chai. Nikasifu kigoda changu mwenyewe. Nikaondoka kwa mlango wa mbele ili nisipite nyuma.

Ijumaa, 23 Septemba

Bi. Wacuka amekuja bandani kuchukua mbwa wa mti. Amewapenda. Amesema huyu mmoja shingo yake ni nyembamba mno, imekuwaje? Nikasema mti ulikuwa na kasoro.

Halafu la kuniua. Jumamosi ya wiki ijayo wana mkutano wa hadhara, na wanataka mtu wa kawaida azungumze, si wao wa ofisini kila siku. Mtu aliyechukua mbwa akamtunza. Yaani mimi. Mkutano uko wapi? Komarock. Kuna watu wengi wanajenga kule, mbwa wamefungwa kila ua.

Nikasema ndiyo.

Nimemweleza Muthoki. Akasema, "Baba Kaluki, ukisema ndiyo mara moja zaidi utaota mkia."

Jumatatu, 26 Septemba

Nimeandika hotuba nyuma ya daftari hili. Ni nzuri. Ndilo tatizo lake.

Muthoki ameniambia niende kwa baba yake niseme ukweli. Nikamwambia kuhusu mahari kurudi. Akasema, mimi ndiye niliyelipiwa hiyo mahari, mbona hakuna anayeniuliza mimi? Akasema tena, mbuzi wa kweli wanauzwa Kiamaiko, si mbali, miguu unayo.

Nikasema nitakwenda kesho.

Jumatano, 28 Septemba

Sikwenda jana. Leo pia sikwenda.

Jumamosi, 1 Oktoba

Naandika nikiwa uani kwa Mzee Kyule, nimekaa juu ya mawe ya kujengea. Daftari ninalo kwa sababu ya hotuba. Hakuna anayezungumza nami kwa sasa, afadhali nizungumze na karatasi. Mwandiko ni mbaya kwa sababu mkono wa kushoto umeshika mnyororo, nauinua kidogo usimlemee Soksi kwenye kidonda. Amelaza kichwa juu ya kiatu changu.

Mkutano ulikuwa mbele ya maduka. Bedan alitubebea vipaza sauti kwa pikapu. Nikazungumza. Nikasema mbwa aliyefungwa maisha halindi nyumba, analinda nguzo. Watu wakapiga makofi. Nikasema tuone aibu. Wakapiga zaidi. Nikainama kama padri.

Mama mmoja muuza mboga akapaza sauti: basi njooni huku nyuma, kuna mmoja analia kutwa nzima, tumechoka. Umati ukaondoka. Mimi mgeni wa heshima nikatangulizwa mbele. Kila kona waliyokata nilikuwa naijua.

Bi. Wacuka akabisha langoni, tukafunguliwa. Soksi akabweka mara moja. Kisha akapata harufu yangu. Sijui niandikeje sauti ile. Alijivuta mpaka akasimama kwa miguu miwili, waya ukimkaba, ule mguu mweupe uko juu unanipungia.

Bi. Wacuka aliutazama mguu. Kisha akanitazama mimi.

Mzee Kyule akatoka, mikono amefungua. "Mkwe wangu! Umeniletea wageni bila kuniarifu?" Bi. Wacuka akamsalimia kwa heshima, akamwuliza mbwa huyu ni wa nani. Mzee akasema kwa fahari kabisa: "Huyu ni mahari ya binti yangu. Mwulizeni mwenyewe huyo hapo."

Wote wakageuka.

Nikasema. Sikusema vizuri kama hotuba. Nikasema nilimtoa, nilitaka kuchekesha wazee. Nikasema yule aliyemwona kwangu alikuwa mbwa wa Bedan, na mguu ulikuwa unga. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Bedan, aliyetufuata na pikapu, akajifanya anakagua gurudumu. Bi. Wacuka hakucheka. Alisema polepole, karibu sikumsikia: "Na mimi kila ninapokwenda nawasimulia watu habari za nyumba yako."

Nikamgeukia mzee. Mkwe hapaswi kumkazia macho baba mkwe, nikaitazama mikono yake. Nikasema, Baba, namwomba Soksi.

Nikasikia sufuria ya jirani ikitokota. Mzee hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi zaidi. Alisema: mbwa ni mbwa tu, mngeniambia jinsi ya kumfunga ningemfunga hivyo, hakuna aliyeniambia. Lakini mbele ya ndugu zangu aliitwa mbuzi wa mahari, nami nikakubali. Hawezi kurudi mkononi mwa mkwe wakati binti yangu bado yuko kwake. Mleteni Muthoki, aseme mwenyewe anarudi nyumbani au harudi. Ndipo nitaleta ufunguo.

Akamtuma Bedan. Akaingia ndani. Umati umepungua, ingawa yule mama wa mboga amehamishia biashara yake hapa langoni. Bi. Wacuka amekaa juu ya rundo jingine la mawe, amenipa mgongo. Nimemwambia samahani mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mwambie yeye," akamwonyesha Soksi kwa kidevu.

Nimemwambia. Yeye amenilamba mkono. Hilo limenichoma kuliko mgongo wa Bi. Wacuka.

Mkono umechoka. Sitauachia mnyororo.

Bedan amerudi. Nimesikia honi langoni. Muthoki yuko mbele, amefunga kile kitambaa chake cha kwenda kanisani. Nyuma ya pikapu kuna kitu kinalia.

Mbuzi. Dume kubwa jeupe, miguu yote minne imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, kichwa kinaning'inia ukingoni. Kwa hiyo wamepitia Kiamaiko. Muthoki ameshuka, hajanitazama. Amesimama katikati ya ua, akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Baba! Sirudi nyumbani. Mbuzi wako huyu hapa, na huyu analia kimbuzi."

Mzee anacheka huko ndani. Namsikia anafungua droo.

Bi. Wacuka amesimama. Nilidhani anakuja kwa Soksi. Amekwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Ameinua kichwa cha mbuzi kwa mikono miwili. Anaitazama ile kamba. Sasa ananitazama mimi, mzungumzaji wa mchana.

Mzee ametokea mlangoni. Mkono mmoja ana ufunguo, mkono wa pili ana kisu cha kuchinjia. Ameniita nije nishike miguu, hiyo ni kazi ya mkwe. Bi. Wacuka naye ameniita, kwa jina langu kamili.

Nimeitika ndiyo. Sijui nimemwitika nani.