Kandambili za Bibi

Ijumaa

Sijamwambia mtu. Leo, kwa Bibi kijijini, nimepigwa shoti na bomba la maji moto nilipotaka kutawadha. Mkono mzima, mpaka begani. Tumesharudi kwetu mjini, Khuwair, na vidole bado vina ganzi.

Bibi alicheka. "Vaa kandambili, mwanangu! Bomba hilo mie nnalijua, halimshiki mwenye kandambili."

Kumbe ndiyo maana zile kandambili za mpira hazitoki mlangoni mwa choo. Mimi nilidhani ni usafi tu.

Nikasema aitwe fundi, abadilishe nyaya zote. Akanishika mkono. "Usimwambie baba'ko. Atanihamishia kwenye fleti yenu, nyumba yangu aifunge." Nikaitikia. Mimi siwezi kubishana na mtu.

Lakini Bibi akitawadha huvua kandambili. Nilimwona Alasiri, miguu mitupu kwenye maji, mkono unakwenda kwenye bomba… Halikumshika. Leo.

Nimemuahidi, na akijua nimesema hatanisamehe. Lakini ataamka Alfajiri, peke yake, atawadhe.

Naogopa. Shajara yangu, nifichie siri hii kidogo tu, mpaka nifike mlangoni kwa Baba.